Arthur Carscallen na Peter Nyambo: Siku za Kwanza Kilimani Gendia



Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinawataja walimu wa kwaya yetu, viongozi wake na safari zake za uimbaji. Katika ukurasa huu tumeona vyema turudi nyuma zaidi, kabla hata kwaya haijazaliwa. Tunataka kumkumbuka kijana aliyefika Kisumu mwaka 1906 na kuvuka ziwa kwenda kwa watu ambao lugha yao hakuijua. Jina lake ni Arthur Asa Grandville Carscallen. Waadventista wa Kenya, na hasa sisi wa Nyanza, tunamhesabu kuwa mwanzilishi wa kazi yetu katika nchi hii. Watoto wetu wa Shule ya Sabato hulijua jina hilo. Lakini jinsi alivyoanza, na nani alikuwa pamoja naye, wengi wetu hatujapata kuelezwa vizuri.

Carscallen alizaliwa Kanada mwaka 1879. Alipoitwa kuja Afrika ya Mashariki alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Waadventista cha Duncombe Hall jijini London, akijiandaa kwa kazi ya injili. Umri wake ulikuwa kama miaka 27, bado hajaoa. Katika kwaya yetu leo angekaa upande wa vijana.

Injili inatueleza kwamba wanafunzi walitumwa kwa jozi, na hata Carscallen hakutumwa peke yake. Mwenzake alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo tunaiita Malawi. Nyambo naye alikuwa Uingereza, akisoma katika chuo hichohicho. Kwa hiyo watu wawili walitoka darasa moja, mmoja Mzungu na mmoja Mwafrika, wakapanda meli kuja Mombasa kwa kazi moja. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Safari ya kuja ziwani

Walipofika pwani waliungana na Abraham Enns, mmoja wa wamisionari waliokuwa wamefungua kazi ya Waadventista huko Upare mwaka 1903, katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Kutoka Mombasa walikuja kwa reli. Reli hiyo ilikuwa mpya. Ilikuwa imefika ziwani Desemba 1901, na kituo chake cha mwisho kikaitwa Port Florence. Kabla ya hapo safari ya kutoka pwani hadi ziwani ilikuwa ya miguu, na ilichukua miezi.

Kisumu waliyoikuta si hii ya Kondele na Kibuye tunayoijua. Ulikuwa mji mdogo wa bandari na ofisi za serikali. Hata mpaka wenyewe ulikuwa umesogezwa juzi tu, kwa kuwa hadi mwaka 1902 Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tena wakati ule haukuwa mwema kwa wenyeji. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu wengi kandokando ya ziwa. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza, na serikali ya kigeni ilikuwa ikizidi kukaza mkono. Mgeni yeyote mweupe aliyeshuka kwenye gari la moshi alikuja nyuma ya mambo hayo, apende asipende. Watu walikuwa na haki ya kumtazama kwa makini kabla ya kumkaribisha.

Upande wa kaskazini wa ghuba ulikuwa tayari na misheni. Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walikuwa Kaimosi tangu 1902. Mapadre wa Mill Hill walikuwa wamefika Kisumu. Waanglikana nao walianza Maseno mwaka huohuo wa 1906. Lakini ng'ambo ya maji, upande wa kusini, hapakuwa na kituo. Kwa hiyo wageni wetu hawakukaa Kisumu. Walivuka ghuba hadi Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo, na mwezi wa Novemba 1906 wakachagua kilima cha Gendia kuwa mahali pa kuanzia.

Walipokuwa hawajui kusema

Tufikirie siku hizo za kwanza. Hapakuwa na nyumba ya kuwangoja wala kanisa. Hapakuwa na mshiriki hata mmoja wa kuwapokea, mwalimu wa kuwatafsiria wala kitabu cha nyimbo. Serikali iliweza kumpa mmisionari ruhusa ya kukaa, lakini ardhi ilikuwa ya koo. Wajaluo wana neno kwa mtu anayekaa kwenye ardhi isiyo ya ukoo wake: jadak. Jadak hukaa kwa hisani ya wenyeji, naye huangaliwa kwa mwenendo wake kabla ya maneno yake. Carscallen na Nyambo, pamoja na elimu yao ya London, walikuwa jodak pale Gendia.

Wengine hudhani kwamba mambo yalikuwa rahisi kwa Nyambo kwa sababu alikuwa Mwafrika. Si kweli. Lugha za kwao Nyasaland ni za jamii ya Kibantu, kama Kiswahili au Kiluhya. Kijaluo ni cha jamii nyingine kabisa. Mtu wa Nyasaland anayesikia Kijaluo kwa mara ya kwanza hana pa kushika, sawasawa na mtu wa Kanada. Nyambo alikuwa mgeni kama mwenzake, tena mbali na kwao.

Basi kazi yao ya kwanza haikuwa kuhubiri. Ilikuwa kusikiliza. Mtu asiyejua lugha hujifunza kwa wale anaokutana nao kila siku. Huuliza jina la kitu, hulirudia, huchekwa, kisha hulirudia tena. Walimu wa namna hiyo hawapewi cheti, na historia haikutunza majina yao. Lakini kila neno la Kijaluo ambalo Carscallen aliliandika baadaye, alilitoa kwanza kinywani mwa watu wa Karachuonyo. Bila wao asingekuwa na la kuandika.

Sisi waimbaji tunaweza kuelewa ugumu wa kazi hiyo kuliko watu wengi. Kijaluo kina irabu tisa, lakini herufi tunazotumia kuziandika ni tano tu. Irabu nyingine hutamkwa kwa sauti nyembamba na nyingine kwa sauti pana, na kitabu hakionyeshi tofauti. Tena lugha hiyo hupanda na kushuka, na maana ya neno yaweza kugeuka kwa kupanda au kushuka kwa sauti peke yake. Mgeni akisoma maneno kwenye karatasi anaweza kusema kitu kingine kabisa. Dawa yake ni sikio. Hata leo katika mazoezi yetu, dada au kaka aliyezaliwa nje ya Kijaluo akipewa wimbo wa Kijaluo, hatumpi karatasi tu. Tunamketisha karibu na mama anayeijua lugha, naye humsikiliza kwanza.

Miaka mitano ya kungoja

Wapendwa, tumezoea kupima kazi ya Mungu kwa idadi ya waliobatizwa kwenye juma la maombi. Hesabu ya Gendia ingetuvunja moyo. Kituo kilianza mwaka 1906, lakini ubatizo wa kwanza ulifanyika mwaka 1911. Hiyo ni karibu miaka mitano ya kulima, kujenga, kufundisha watu kusoma na kujifunza lugha, kabla ya mtu mmoja kuingia majini.

Katika miaka hiyo Carscallen hakuwa amekaa bure. Mwaka 1907 mchumba wake, Helen Thompson, alifika kutoka Uingereza, wakafunga ndoa, na Gendia ikawa makao yao. Wamisionari wengine walifika kusaidia. Carscallen aliandika sarufi ya Kijaluo na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Mwaka 1913 alipata mtambo mdogo wa kupigia chapa, akauweka palepale kilimani. Kutoka katika mtambo huo yalianza kutoka maandishi ya Kijaluo ya watu kusoma majumbani mwao. Kiwanda cha uchapaji cha kanisa kilichopo Kendu Bay kina asili yake hapo.

Kazi ilienea kusini mwa Nyanza: kilima cha Wire, kisiwa cha Rusinga, Karungu, Kanyadoto, kisha Nyanchwa katika nchi ya Wakisii, na Kamagambo ambako shule ilikuja kuwa maarufu. Vituo hivyo vilibebwa zaidi na vijana wa Kiafrika waliofundishwa kusoma, wakatembea kwa miguu kufundisha wenzao. Vita Kuu ilipofika Kisii mwezi wa Septemba 1914, kituo cha Nyanchwa kiliporwa na kazi ikasimama kwa muda. Walipanda tena baadaye.

Hatusemi kwamba wazee hao hawakuwa na mapungufu. Wamisionari wa wakati ule, wa karibu makanisa yote, walikuwa wepesi kuona giza katika kila kitu cha wenyeji. Ngoma na nyatiti viliachwa nje ya mlango wa kanisa, na waimbaji wa kwanza walifundishwa tuni za Ulaya ambazo mara nyingi zilivuta maneno ya Kijaluo upande yasikotaka kwenda. Kwaya zetu zimechukua miaka mingi kutunga nyimbo zinazofuata lugha jinsi inavyosemwa. Kazi hiyo bado inaendelea, na katika kwaya yetu wapo wanaoifanya.

Carscallen aliongoza misheni hadi mwaka 1921, kisha akaondoka Kenya. Miaka ya baadaye alikwenda Guyana, Amerika ya Kusini, kufanya kazi kati ya wenyeji wa msituni. Huko tena alianza upya, na lugha nyingine, akiwa si kijana tena. Alifariki mwaka 1964, wakati Kenya aliyoijua kama nchi ya kutawaliwa ilikuwa tayari imepata uhuru.

Yule wa pili

Sasa turudi kwa Peter Nyambo. Hakukaa Gendia kwa miaka mingi kama mwenzake. Alirudi kusini, na mwaka 1914 jina lake lilisikika kwa njia nyingine. Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia walikuwa na malalamiko makubwa juu ya jinsi walivyotawaliwa. Malalamiko hayo yaliandikwa kuwa ombi kwa mfalme wa Uingereza, na Nyambo ndiye aliyelipeleka London. Serikali haikuwapa walichokiomba. Lakini tunaona kwamba mtu aliyekuwa amekaa kilimani Gendia akisikiliza lugha ya watu wengine, alikuja kuwa msemaji wa watu wake mwenyewe mbele ya wakubwa.

Mara nyingi historia ya Gendia inaposimuliwa haraka, kama katika hotuba ya dakika tano, husimuliwa kwa jina moja. Mzungu anatajwa, Mwafrika anaachwa. Haya si mambo madogo. Mtoto anayesikia kwamba injili ililetwa na Wazungu peke yao hujifunza kwamba watu wa rangi yake walikuwa wapokeaji tu tangu siku ya kwanza. Ukweli ni kwamba kati ya waliotangulia kupanda kilima kile alikuwamo Mwafrika, aliyetumwa kwa kazi ileile. Kumheshimu Carscallen hakutulazimu kumsahau Nyambo. Carscallen mwenyewe hakuja peke yake, nasi hatuna sababu ya kumsimulia kana kwamba alikuja peke yake.

Kwaya inalijua jambo hili. Watu wakitoka kanisani humsifu mwimbaji wa sauti ya kwanza, kwa maana ndiyo waliyoisikia. Besi ikikosekana, kila mtu husikia kwamba kuna kitu kimepungua, ingawa wengi hawajui ni nini.

Kwa hiyo kamati ya yubilei imekubaliana mambo mawili. Kwanza, katika sala ya shukrani ya siku ya kilele, majina yote mawili yatatajwa, la Carscallen na la Nyambo, na baada yao wale wenyeji wa Karachuonyo waliowafundisha kusema. Pili, kila mwanakwaya mpya atakayejiunga nasi mwaka huu atakabidhiwa kwa mwanakwaya mzoefu wa kukaa naye kwenye mazoezi, ili asibaki peke yake katika siku zake za kwanza. Kaloleni hupokea wageni kila mwezi: wapangaji, wanafunzi, wafanyakazi waliohamishwa. Baadhi yao huingia kanisani kwetu Sabato ya kwanza bila kumjua mtu. Tunawaomba washiriki wote, hata wasio wa kwaya, wawasalimie, wawaulize majina yao na wawasikilize.