Zamenhof: Mtu Aliyeshindwa Kura kwenye Lugha Yake

Kwetu Sepuka, ukikaa kijiweni jioni utasikia Kinyaturu na Kiswahili vikichanganywa ndani ya sentensi moja, na hakuna anayeomba ruhusa kwa mtu. Lugha hizo hazina fundi anayejulikana. Sasa chukua lugha iliyotungwa na mtu mmoja mezani kwake, naye bado yu hai. Nani ana haki ya kuibadilisha?

Ludwik Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 mjini Białystok, ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya Urusi. Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi humo wakitazamana kwa jicho la husuda, kila kundi na lugha yake. Huyu kijana wa Kiyahudi, mtoto wa mwalimu wa lugha, aliamini kwamba lugha isiyo ya kabila lolote ingewapatanisha. Alianza kuitunga akiwa bado mwanafunzi. Baadaye akawa daktari wa macho, na mwaka 1887, kwa msaada wa hela za baba mkwe, akachapa kijitabu chenye kanuni 16 tu. Alijiita Daktari Esperanto, yaani mwenye kutumaini. Watu wakalichukua jina hilo wakaipa lugha yenyewe.

Humo humo kijitabuni alitangaza kwamba lugha hiyo ni mali ya wote. Tamko rahisi hilo, mpaka siku utakapobanwa. Yeye alibanwa mwaka 1894. Baada ya kusukumwa na baadhi ya wafuasi, alipendekeza marekebisho makubwa, ikiwemo kuziondoa herufi zenye alama juu. Watumiaji wakapiga kura, na wengi wakakataa. Mtunzi mwenyewe kakataliwa! Hakususa; aliendelea kuandika kwa herufi zilezile. Mwaka 1907 kamati iliyokutana Paris ikaunga mkono toleo lililorekebishwa, likaja kuitwa Ido. Baadhi ya vigogo wakahama, ila wasemaji wengi wakabaki.

Msidhani basi kwamba lugha iliganda. Waliokataa kubadilishiwa ndio walioibadilisha, taratibu, kwa kuisema. Zamenhof aliunda majina ya nchi nyingi kwa kiambishi -ujo, kwa hiyo Ufaransa ikawa Francujo. Watu wakazoea -io, na leo wengi husema Francio. Vijana nao wakabuni mojosa, neno la kusifia kitu kikali. Hakuna kamati iliyowatuma.

Yeye alifariki Warsaw mwaka 1917, vita vikiendelea. Watoto wake watatu waliuawa na Wanazi. Hilo tumaini la kupatanisha makabila, kusema kweli, lilimshinda. Lugha ilibaki mikononi mwa waliompigia kura ya hapana na wajukuu wao, na Agosti 2024 wakafanya kongamano lao la dunia Arusha, la kwanza katika ardhi ya Afrika, kwenye nchi ambayo wao huiita Tanzanio.