Hugh Young, munganga aliyefungua njia ya mkojo wa watoto

Mzazi wa Naviundu, mjini Lubumbashi, akiona mtoto wake mwanaume anakojoa kwa shida, tone kwa tone, anapashwa kumpeleka hospitali haraka. Huenda alizaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo: kibofu kinavimba, mkojo unarudi nyuma na figo zinaharibika.

Munganga Hugh Hampton Young, mzaliwa wa San Antonio, Marekani, mwaka 1870, ndiye aliyeeleza aina za ugonjwa huo mwaka 1919, pamoja na wenzake wawili wa Johns Hopkins. Aliukata utando kwa chombo mfano wa kile alichobuni kwa wazee wenye tezi dume.

Alifariki Baltimore mwaka 1945. Leo waganga wanaukata wakitumia kamera ndogo. Mtoto anayewahi ana nafasi kubwa ya kulinda figo zake.