MTEMI MIRAMBO NA KIBANGWA

Mirambo alizaliwa Unyamwezi karibu mwaka 1840. Alikuwa mtemi wa Uyowa.

Watemi wa Unyamwezi walikuwa na alama ya cheo. Iliitwa kibangwa. Kilikuwa kipande cha mviringo cha gamba la konokono wa bahari. Kilitoka mbali, pwani. Watu walipokiona, walijua huyu ni mtawala.

Lakini Mirambo hakutegemea alama tu. Aliunganisha nchi nyingi ndogo. Toka 1871 hadi 1875 alipigana na Waarabu wa Tabora, akafunga njia ya misafara.

Alikufa mwaka 1884. Ndugu yake alirithi cheo. Hata hivyo, nchi ile kubwa ilivunjika. Alama hurithiwa, uwezo haurithiwi.

Swali: Kijijini kwenu, mwenye alama ya cheo ana wajibu gani?