Livingstone na damu ya tumbo

Sisi watu wa Uvira tunamjua Livingstone kwa sababu ya Ruzizi. Mwezi wa Novemba 1871, yeye na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika pale mto unapokutana na ziwa, wakaona kama maji yanaingia Tanganyika, hayatoki. Hiyo tulisoma shuleni. Habari ya tumbo lake haisemwi sana, kumbe ndiyo inatugusa sisi wafanyakazi wa migodi.

Alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Scotland, kwa watu maskini. Akiwa na miaka 10 tu aliingia kiwanda cha pamba, masaa 14 kwa siku, na usiku akasoma. Mwaka 1840 akapata cheti cha udaktari, akaja Afrika.

Huku malaria ilimpiga mara nyingi. Akajitengenezea vidonge: kwinini, mizizi ya kuharisha, na kalomeli, dawa yenye zebaki. Ndiyo, zebaki, ile wachimbaji wanakamatia dhahabu! Homa ilishuka, lakini tumbo lilitikisika.

Tena alikuwa na bawasiri ya kutoa damu. Alipokuwa Uingereza alishauriwa apasuliwe, akakataa. Januari 1867 mpagazi mmoja akatoroka na sanduku la dawa. Kuhara damu kukamfuata miaka yote. Stanley alimsihi arudi kwao akapone, naye akakataa, kwani alitaka kwanza kuona chanzo cha mto Nile. Mwaka 1873 alikuwa anabebwa kwa machela, damu inamtoka. Mwanzoni mwa Mei akafia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, ndiye aliyempasua, akakuta ndani bonge la damu. Chuma, Susi na wenzao wakabeba maiti mpaka pwani, Bagamoyo. Ikazikwa London, Aprili 1874.

Ugonjwa wake ulikuwa wa utumbo. Wetu mara nyingi ni wa tumbo la juu, vidonda. Lakini njia ni moja: kunyamaza ili kazi iendelee. Mgongo ukiuma tunameza diclofenac, ibuprofen ao aspirini bila kula kitu. Dawa hizi zinazuia kemikali za mwili, ndugu za homoni, ambazo zinafanya ute wa kulinda tumbo na kupunguza asidi. Ute ukipungua, asidi inakula nyama yenyewe. Wengine wanaongeza dexamethasone, dawa ya homoni, ili wanenepe. Zikichanganywa, hatari ya kutoka damu inapanda sana. Na kama tumboni mna kile kijidudu cha Helicobacter, kinachotibiwa kwa antibiotiki, vidonda vinakuja upesi.

Wenzetu, tusimeze dawa za maumivu kila siku bila muganga kujua. Mwenye kutoa choo cheusi kama lami, ao kutapika damu, asingoje zamu iishe. Aende hospitali saa ile ile, na siye wenzake tumpeleke.