Ronald Ngala: Aliyewauliza Mawaziri, Kisha Akawa Waziri

Kila mawaziri wanapofika Bungeni kujibu maswali, Wapwani hutega sikio. Hungoja kusikia hatimiliki za ardhi zikitajwa, feri ya Likoni, bandari, vitambulisho, maji ya mifereji. Aghalabu hayo hayatajwi, au hutajwa siku moja yakasahauliwa. Wengi wa vijana wetu hawajui kwamba katika Bunge la kwanza la Kenya huru, mtu aliyepewa kazi ya kuihoji serikali kuliko mbunge mwingine yeyote alikuwa mtu wa Pwani.

Mtu huyo ni Ronald Gideon Ngala. Jina lake lipo kwenye barabara yenye shughuli nyingi katikati ya Nairobi na kwenye chuo cha utalii kaunti ya Kilifi. Maisha yake, hata hivyo, yana somo ambalo vibao vya barabarani havilisemi.

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, Kilifi. Alisoma Kaloleni na Shimo la Tewa, akaenda Alliance, kisha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu. Aliporudi alifundisha na kusimamia shule, miongoni mwazo Buxton hapa Mombasa na Mbale kule Taita. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Kwa hivyo kabla hajawa mwanasiasa alikuwa mwalimu, na mwalimu hujua kwamba swali likiulizwa vizuri humtoa mtu pale alipojificha.

Alianza siasa katika halmashauri ya mji wa Mombasa. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Si kila mtu aliyepiga kura. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, kipato na mali, na wengine walikuwa na kura hadi tatu. Walichaguliwa wanane: Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Lawrence Oguda, James Muimi, Bernard Mate na Ngala wa Pwani.

Wanane hao walikataa kupokea uwaziri chini ya katiba ya wakoloni ya wakati huo. Hawakuwa na wingi wa kupitisha sheria wala kuizuia. Silaha waliyobaki nayo ilikuwa kusimama na kuuliza: ardhi, shule, ubaguzi, watu waliowekwa vizuizini kwa sababu ya hali ya hatari.

Nguvu ya silaha hiyo ilionekana hapa hapa Pwani. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola, Tana River, walikufa kwa kupigwa na walinzi. Maelezo ya kwanza ya serikali ya kikoloni yalihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Wabunge mjini London hawakukubali jibu hilo. Waliuliza, wakauliza tena, na waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd, akabanwa mpaka uongo wa maji ukabaki uchi. Kosa la Hola lilikuwa katika yale yaliyowafanya Waingereza waone kwamba utawala wao Kenya haungeweza kuendelea kama zamani.

Ngala alipanda haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1960 ndiye aliyeongoza ujumbe wa wawakilishi wa Kiafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London. Chama cha KANU kilipoundwa alitajwa kuwa mweka hazina hali hayupo, akaukataa wadhifa huo. Mwezi Juni mwaka huo yeye na wenzake wakaunda KADU, chama cha jamii ndogo zilizohofia kumezwa na zile kubwa.

Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti vingi zaidi, lakini ikakataa kuunda serikali kabla Jomo Kenyatta hajaachiliwa. KADU ikakubali. Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali na waziri wa elimu. Kwa mara ya kwanza akakaa upande wa kujibu, na maswali yalikuwa makali. Kenyatta ataachiliwa lini? Serikali hii ni ya nani, ya wananchi au ya gavana? Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, lakini lawama ya kushirikiana na Waingereza ilimwandama Ngala kwa miaka.

Hoja yake kubwa ilikuwa majimbo. Alitaka ardhi, shule na sehemu ya polisi viwe chini ya mabaraza ya mikoa, ili mtu wa Kilifi au Lamu asisubiri kila kitu kutoka Nairobi. Hapa ndipo yeye na baadhi ya watu wetu walipotengana. Waswahili na Waarabu wengi wa mijini waliunga mkono Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar ujitawale wenyewe. Wamijikenda wengi waliona huko ni kurudi chini ya Sultani, na Ngala alisimama nao. Mwezi Oktoba 1963 ilikubaliwa kwamba ukanda ukabidhiwe Kenya, pamoja na ahadi kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Mpaka leo wapo wanaomlaumu Ngala kwa hilo na wapo wanaomshukuru. Kwa vyovyote, yeye aliamini kwamba haki za Pwani zingelindwa na katiba ya majimbo, na kwamba Bunge lingeilinda katiba hiyo.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Mbele yake alikaa Kenyatta, waziri mkuu. Pembeni walikuwa Odinga wa mambo ya ndani na Mboya wa sheria na katiba. Utaratibu ulikuwa ule wa London. Mbunge huandika swali lake mapema, linawekwa kwenye orodha ya shughuli za siku, na waziri hana budi kusimama kulijibu. Jibu la kwanza huwa limeandaliwa na makarani wa wizara. Utamu huja kwenye maswali ya nyongeza, kwa kuwa hapo waziri hana karatasi. Spika, Humphrey Slade, alisimamia zamu, na kila neno liliandikwa.

Jambo jingine tusilisahau: yote haya yalifanywa kwa Kiingereza. Kiswahili hakikuruhusiwa Bungeni mpaka mwaka 1974, na wakati huo Ngala alikuwa ameshafariki. Mwandishi huyu wa Kiswahili, kutoka pwani ya Kiswahili, hakupata hata siku moja kumhoji waziri kwa lugha ambayo mvuvi wa Shela au mkwezi wa Rabai angeielewa.

Malalamiko ya upinzani yalikuwa mazito. Katiba ilikuwa imeyapa majimbo mamlaka, lakini serikali kuu ilichelewa kuyakabidhi. Fedha hazikuteremka. Maafisa waliendelea kupokea amri kutoka Nairobi. Serikali nayo ilisema majimbo ni ghali na yanagawa nchi. Kwa muda kulikuwa na ulinzi mmoja: vifungu vikuu vya katiba havikuweza kubadilishwa bila kura za robo tatu za Baraza la Wawakilishi na tisa ya kumi za Seneti. Maadamu upinzani ulishikamana, serikali ilikuwa na lazima ya kusikiliza.

Lakini haukushikamana. Mmoja mmoja, wabunge wa KADU walivuka ukumbi kwenda upande wa serikali. Walielewa kwamba maendeleo yangewafikia kwanza walio karibu na chungu. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza kuvunjwa kwa KADU na kujiunga na KANU kwa jina la umoja wa taifa. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na mabadiliko yaliyofuatana miaka ile yakayafuta majimbo pamoja na Seneti yenyewe. Martin Shikuku, kijana wa KADU ambaye hakupendezwa na kuvunjwa kwa chama, alibaki miongoni mwa wabunge waliowasumbua mawaziri kwa maswali. Mwaka 1975 alikamatwa katika viwanja vya Bunge akawekwa kizuizini.

Ngala alikwenda njia nyingine. Mwaka 1966 Kenyatta alimteua waziri wa ushirika na huduma za jamii, na baadaye akapewa wizara ya nishati na mawasiliano. Wapwani wengi walifurahi. Mtoto wao alikuwa mezani.

Tusimhukumu kwa pupa. Aliona chama chake kikimomonyoka na jimbo lake likinyimwa fedha. Kukaa nje na kupiga kelele huku watu wako wakikosa barabara si ushujaa unaolisha mtoto. Na waziri ana kalamu, ana bajeti, ana mlango wa rais. Kwa hesabu hiyo, uamuzi wake ulikuwa na mantiki.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili. Baraza la mawaziri huongea kwa sauti moja. Waziri hamhoji waziri mwenzake mbele ya Bunge; akifanya hivyo, hana budi kujiuzulu. Tangu siku Ngala alipoapa, Pwani ilipata waziri, ikapoteza muulizaji wake mkubwa. Matatizo ya maskwota, yaliyoanzia kwenye sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, yalibaki pale pale. Mtu aliyeyajua vizuri zaidi sasa alipaswa kuyasema faraghani, na jibu la faragha haliandikwi popote. Wananchi hawana la kulishika wakalidai baadaye.

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali Konza, kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi. Alifariki tarehe 25 ya mwezi huo, hajatimiza miaka 50. Ilisemekana nyuki waliingia garini. Wako Wapwani ambao hawajaridhika na maelezo hayo hata leo.

Leo mambo yamebadilika kwa sehemu. Katiba ya 2010 imeturudishia Seneti na kutupa kaunti 47, jambo ambalo Ngala angelitambua mara moja. Mawaziri si wabunge tena. Kwa miaka kadhaa walijibu mbele ya kamati tu, na tangu 2023 huitwa pia kwenye kikao cha Bunge zima. Ajira ya waziri na kazi ya kumuuliza waziri zimetenganishwa kisheria, na hilo ni jema.

Hata hivyo mtego wa 1964 haujaondoka. Mwaka 2024 viongozi wakubwa wa upinzani waliingia serikalini, na aliyekuwa gavana wa Mombasa, Hassan Joho, akawa waziri wa madini na uchumi wa bahari. Pwani ilishangilia kama ilivyoshangilia 1966. Si vibaya kushangilia. Lakini kila mtu wetu anapopanda upande wa kujibu, tuangalie nani amebaki upande wa kuuliza.

Sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Mbunge, seneta au mwakilishi wa wadi akija msibani au harusini, aulizwe: mwaka huu umepeleka maswali mangapi, kwa waziri gani, na alijibu nini? Kumbukumbu za Bunge ziko wazi kusomwa, na sasa Kiswahili kimo ndani yake. Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mvuvi anaweza, mkulima wa korosho anaweza, bila kungoja mtu wao awe waziri.

Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Ngala alikuwa muulizaji hodari kwa miaka michache tu, na Pwani ingali inasubiri majibu ya maswali aliyoyaacha alipohamia upande wa pili.