Tiffany, msee aliyeinua almasi

Kabla hujampigia demu goti na pete mkononi, mjue huyu buda. Charles Lewis Tiffany alizaliwa Connecticut, Marekani, 1812. Akiwa na miaka 25 alikopeshwa na babake dola 1,000, akafungua duka New York na rafikiye John Young. Siku za kwanza mauzo hayakufika hata dola 5!

Almasi zilikuja baadaye. Zamani jiwe lilizamishwa sana ndani ya dhahabu, mwanga ukakosa pa kupitia. 1886 duka lake likatoa pete yenye kucha 6 ndogo zinazoliinua juu kabisa. Jiwe likawaka! Shida ni moja: kucha zikilegea, almasi imeenda, na hutaisikia ikianguka.

Tiffany alifariki 1902, siku 3 baada ya kufikisha miaka 90.