Isaac Roberts, mjenzi aliyeufunua ukungu wa Kilimia

Kwa jicho tupu Kilimia ni nyota sita au saba zilizosongamana. Wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki walizitazamia kujua majira ya kulima, na jina lenyewe latokana na kazi hiyo. Mwaka 1886, karibu na Liverpool nchini Uingereza, mtu ambaye falaki haikuwa kazi yake alionyesha kwamba kundi hilo limegubikwa na ukungu ambao jicho haliwezi kuuona hivyo.

Isaac Roberts alizaliwa Wales Januari 27, 1829. Mwaka 1844 aliwekwa kwa wajenzi wa Liverpool ajifunze kazi, na ujenzi ndio uliompa mali. Alikuwa amevuka miaka 50 alipojipatia, mwaka 1885, darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 51, akaisimika Maghull.

Kazi ilikuwa ya subira. Bamba la kioo lililopakwa dawa liliachwa wazi kwa saa kadhaa, na muda wote huo darubini ilipaswa kuzifuata nyota kadiri zinavyosogea angani. Ikiteleza kidogo tu, nukta hugeuka mstari na usiku mzima umepotea. Lakini bamba lina faida moja: jicho likikodoa kwa muda mrefu huchoka, bali bamba huzidi kukusanya nuru. Ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walikuwa wamenasa mwaka 1885 ukungu kando ya nyota moja ya Kilimia, Maia. Picha ya Roberts iliuonyesha umetanda pia kwenye nyota nyingine kubwa za kundi hilo.

Mwaka 1888 aliipiga picha Andromeda, ikaonekana imejisokota kama gamba la konokono. Roberts, kama wengi wa zama zake, alidhani ni jua na sayari zake zikiumbika. Picha ilikuwa sahihi, maelezo hayakuwa: ile ni galaksi nzima, mbali mno kuliko alivyofikiri.

Chama cha Kifalme cha Falaki kilimtunuku nishani ya dhahabu mwaka 1895. Mwaka uliofuata, katika safari ya kutazama kupatwa kwa jua Norway, alikutana na Dorothea Klumpke, Mmarekani aliyekuwa mwanafalaki mjini Paris. Walioana mwaka 1901.

Roberts alifariki Julai 17, 1904, huko Crowborough. Mjane wake alirejea Ufaransa na mabamba yale, akayashughulikia kwa miaka mingi. Mwaka 1929, karne moja tangu mumewe azaliwe, alichapisha atlasi ya picha hizo.